Tumwache tiva ashinde

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme neno juu ya makala mliyochapa Jumamosi iliyopita, ile ya kuwafundisha wanaoanza kutazama ndege. Mwandishi alieleza vizuri namna ya kushika darubini, saa nzuri ya kutoka, na kwa nini shati jeupe halifai porini. Halafu akaongeza kwamba ndege akikataa kujitokeza, dawa yake ni simu: pakua mlio wake, unganisha na spika, piga mpaka aje. Ni sentensi moja tu, na sina shaka aliiandika kwa nia njema. Lakini hayo maneno "mpaka aje" yameninyima raha wiki nzima, kwa sababu najua yanakoishia.

Kuongoza watazama ndege ndiyo kazi yangu kwa miaka 21 sasa. Katika ile kumi ya mwanzo sidhani kama kuna mwenzangu aliyepiga rekodi kuliko mimi. Nilianza na kinasa sauti cha kaseti, kizito kama tofali, kifuniko chake nimekibana kwa mpira. Ukishapiga mlio ulilazimika kurudisha utepe, na zile sekunde za kurudisha utepe zilikuwa, bila mimi kujua, ndiyo nafasi ya ndege kupumua. Simu haina utepe wa kurudisha. Unagusa kioo mara moja, inaimba asubuhi nzima.

Wageni wengi hudhani ndege anapoimba alfajiri anashangilia jua. Wimbo ule una kazi. Unawaambia wapinzani kwamba eneo hili lina mwenyewe, na unamwambia mwenzi kwamba mwenyewe yupo na nguvu anazo. Ndani ya eneo hilo ndimo kinamopatikana chakula cha makinda, na ndimo kiota kilipo. Sasa wewe unakuja na spika, unasimama karibu na kiota ambacho hata hujui kipo, unapiga sauti ya dume mgeni. Kwa lugha yake umemwambia: nimeshaingia ndani, na hapa napataka. Hana namna ya kujua kwamba ni mashine. Akitokea, hakuja kukusalimu wala hakuja kwa udadisi. Amekuja kupigana.

Nitaeleza siku moja, maana ndiyo iliyonigeuza.

Anayemfahamu tiva anajua taabu yake. Ni ndege wa ndani ya kichaka, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mstari mweupe bawani, na unaweza kumsikia mwaka mzima usimwone hata unyoya. Sauti ndiyo sifa yake. Dume anatoa milio kama ya kengele, jike anapachika wake katikati, na wamepatana kiasi kwamba ukisimama mbali utaapa ni ndege mmoja. Ukiwa katikati yao ndipo unagundua kwamba kengele iko kushoto na jibu liko kulia.

Siku hiyo nilikuwa na wageni wanne. Mmoja wao alikuja na kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wangu, na alitaka picha ya tiva akiwa amefunua mdomo, tena kwenye mwanga. Niliweka spika juu ya kisiki kando ya kijito, nikapiga. Haikupita dakika, wakaja wote wawili, dume na jike. Pale ndipo nilipopaswa kuzima. Wageni watatu walikuwa wameshawaona na wameridhika, mmoja wao ameshika mdomo kwa furaha. Lakini yule wa kamera alininong'oneza, "Bado, yuko kivulini," nami nikaendelea. Nilipiga kwa dakika ishirini na tano.

Dume alishuka mpaka akatua juu ya spika yenyewe. Manyoya ya kiunoni yalikuwa yamemfutuka, akawa anadonoa ule wavu wa mbele, anaruka tawini, anarudi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona ulimi wake, na koo lilivyokuwa likipanda na kushuka hata pale ambapo haimbi. Jike alijibu, akajibu, kisha akaanza kukosea. Sikuwa nimewahi kumsikia tiva akikosea. Mlio wake ulichelewa kidogo, ukaja baada ya kengele badala ya katikati, ukachelewa tena, halafu akanyamaza kabisa. Dume akabaki anapiga kengele zisizo na wa kuzijibu, na kamera inakereza tu kama cherehani. Tulipokuwa tunakusanya vitu niliona dudumizi akitoka kwenye kichaka cha ng'ambo ya kijito, polepole, kwa ule mwendo wake mzito.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Kiota kilikuwa pale pale alipotokea dudumizi, hatua kama nane kutoka kwenye kisiki, usawa wa kifua changu: kikombe kipana cha vijiti na vijizizi, chepesi hata unauona mwanga kwa chini. Ndani mlikuwa na ute uliokauka na kipande cha ganda chenye madoa. Tiva hupokezana kuatamia, dume na jike. Dudumizi hula mayai na makinda. Siwezi kuapa kwamba mayai yale yasingeliwa siku nyingine ambayo mimi sipo. Ninachoweza kuapa ni kwamba kwa dakika ishirini na tano wenye kiota wote wawili walikuwa ng'ambo ya pili wakigombana na spika yangu, na kwamba mimi ndiye niliyewaita.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti uliofanywa juu ya ndege hawa katika Hifadhi ya Taifa ya Comoé, Côte d'Ivoire, ukachapishwa mwaka 2004. Watafiti waligundua kwamba tiva wana wimbo wao wa pamoja ambao huuimba ugomvi ukiisha, na wanaouimba ni wale waliobaki na eneo lao. Kwa lugha nyepesi, ni wimbo wa ushindi. Mgeni akishanyamaza na kutoweka, dume na jike wanautoa pamoja, na majirani wote wanasikia nani ameshinda. Mhariri, nilipousoma ukurasa ule niliuweka chini nikatoka nje. Kumbe kama ningezima spika walipotokea, wangeamini wamemfukuza mgeni, wangeimba, na jike angerudi kwenye mayai. Wimbo ule niliwanyima kwa sababu ya mwanga wa picha.

Sifichi kwamba utafiti wenyewe ulifanywa kwa kupiga rekodi. Mengi tunayoyajua juu ya lugha ya ndege yamepatikana hivyo. Tofauti ni kwamba mtafiti anapima dakika zake na anajua atazima lini.

Mwandishi wenu anaweza kuniuliza: mbali na kisa chako, ushahidi uko wapi? Upo, na hauelekei upande mmoja, nami nitausema wote. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kutoka Ekuado ambao uliiga hasa wanachofanya watazama ndege. Walipiga rekodi dakika tano, wakasikiliza kilichofuata. Ndege walizidisha milio. Kisha wakachukua makundi matano ya ndege wa aina moja wa kichakani, nao ni wa kuimba kwa kupokezana kama tiva, wakawapigia dakika tano kila siku kwa siku 20. Mwanzoni walijibu kwa nguvu. Kufikia siku ya 12 majibu yalikuwa hayasikiki sana. Na kundi moja lilijenga kiota karibu na mahali pa spika kana kwamba hakuna kitu.

Wenzangu wa kazi wanaupenda sana utafiti huo. Wanasema, unaona, wanazoea. Mimi nausoma kwa moyo mwingine. Nimewahi kuongoza kwenye njia moja inayopitwa na vikundi kila asubuhi, kila kiongozi na simu yake, na ndege wa njia ile walishaacha kuitika. Sauti ya dume mgeni kwao imekuwa kelele tu. Kweli, huo ni upungufu wa usumbufu, lakini ndege aliyefundishwa kupuuza sauti ya mgeni ndani ya eneo lake amefundishwa kitu ambacho mimi nisingependa kuwa mwalimu wake. Tena vikundi vinavyofuata, vikiona haitiki, vinaongeza sauti ya spika.

Utafiti mwingine ni wa Kanada, wa mwaka 2002, juu ya ndege mdogo mwenye kofia nyeusi kichwani. Huko walipiga rekodi kwa namna mbili: nyingine ya kinyenyekevu, inayomwacha dume ashinde, nyingine ya kibabe, inayomkatiza kila akiimba. Majike walikuwa wakisikiliza. Wale ambao waume zao wenye hadhi ya juu walishindwa na rekodi ya kibabe walikwenda kutafuta madume wengine, na baadhi ya makinda yaliyoanguliwa viotani yakawa na baba wa nje. Mashindano yenyewe yalikuwa ya dakika chache tu. Watafiti walizima, wakaondoka. Heshima ya yule dume haikurudi msimu ule. Kila nikiona mtu anapiga rekodi juu ya sauti ya ndege, bila kumwachia hata nafasi ya kumaliza, huwa nakumbuka hilo.

Nakubali pia kwamba kuna siku rekodi ni bora kuliko kutoipiga. Kikundi cha watu kumi kinachoingia kichakani kumtafuta ndege kwa saa nzima kinavunja matawi, kinakanyaga viota vya chini, kinawafukuza na wengine ambao hawakutafutwa. Ukilinganisha na hilo, sekunde thelathini za mlio wa chini kutoka njiani si kitu. Na kuna mama mmoja niliwahi kumwongoza, anatembelea kiti cha magurudumu, hawezi kutoka nje ya njia ngumu hata hatua mbili. Nilimpigia tiva kwa sekunde ishirini. Dume akatokea pembeni mwa njia, nikazima pale pale, na dakika moja baadaye wawili wale wakaimba kwa pamoja, wimbo wao wote, bila kukosea. Mama yule alilia. Sijutii sekunde hizo ishirini na sitazijutia.

Wala sauti si adui kwa asili yake. Wanaohesabu bundi usiku, au ndege wa majani ya kinamasi wasioonekana kamwe, hawana njia nyingine nzuri. Kwenye kisiwa cha Eastern Egg Rock, jimbo la Maine, Marekani, ambako ndege fulani wa baharini walikuwa wametoweka, watu waliweka sanamu za ndege na kupiga sauti za kundi la kuzalia, na ndege hao wakarudi kuzaa mwaka 1980. Pale sauti iliwaambia kwamba mahali hapa ni pazuri pa kuishi, na walipotua wakakuta ni kweli.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote: ndege akiitikia, akute nini? Fikirieni yule ndege mdogo anayewaonyesha watu nyuki wa porini walipo, ambaye wengi humwita kiongozi. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao wanaotafuta asali wana mwito wao maalumu, mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno, waliofundishwa na baba zao. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kwamba mwito huo uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, na wa kuongozwa mpaka kwenye nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Ndege wa porini kabisa, hajafugwa, anamwamini binadamu kwa sababu ya sauti. Na anaiamini kwa kuwa haijamdanganya: mtu anapasua mti, anachukua asali, ndege anapata nta. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya Niassa imedumu vizazi na vizazi.

Spika yangu juu ya kisiki ilikuwa na nini cha kumpa tiva?

Nchi nyingine zimeshaliona hili. Katika hifadhi nyingi za taifa za Marekani kumvuta mnyama au ndege kwa rekodi ni marufuku. Chama cha watazama ndege cha huko kimewahi kuandika katika maadili yake kwamba rekodi zitumike kwa kiasi, na zisitumike kabisa mahali panapotembelewa na wengi au kwa ndege aliye hatarini kutoweka. Uingereza ina sheria ya mwaka 1981 inayofanya kuwa kosa kumsumbua kiotani ndege aliye kwenye orodha maalumu ya ulinzi, na rekodi ni usumbufu kama usumbufu mwingine. Umoja wa Ulaya umeitaja mashine ya kurekodia miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa kukamatia na kuulia ndege, kwa sababu wenye nyavu walishagundua zamani kwamba sauti ya tombo inawaleta tombo. Hata mtandao wa xeno-canto, unaotoa bure sauti za ndege wa dunia nzima tangu mwaka 2005, umefunga baadhi ya rekodi za ndege walio hatarini ili zisitumike kuwaita. Mtandao unaoishi kwa kugawa sauti umeamua zipo sauti za kutogawa. Hilo lilinigusa kuliko sheria zote.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Msimu wa viota simu inakaa mfukoni. Ndege adimu simpigii, hata mgeni awe ametoka mbali namna gani, na namwambia hivyo kabla hatujaondoka, si tukiwa tumeshafika. Kwa ajili ya picha sipigi kamwe, maana mpiga picha haridhiki na ndege kutokea, anataka atokee tena. Siku nikipiga, sauti ni ya chini kuliko ya ndege mwenyewe, sekunde kumi na tano au ishirini, kisha kimya kirefu cha kusikiliza. Akijibu au akijitokeza, nazima, na sirudii. Namwacha amfukuze mgeni wake. Halafu siku nyingi baadaye simgusi yule yule. Kupiga mluzi wa bundi mdogo ili ndege wadogo wajae mtini kumzomea nako nimekuacha karibu kabisa; ile ni hofu ya kweli, na wanapokusanyika kuzomea wameacha kula.

Simu yenyewe sikuitupa. Ina programu inayosikiliza na kukutajia ndege anayeimba, na hiyo ningemshauri kila anayeanza aitumie usiku na mchana, kwa sababu hapo wewe ndiye unayesikiliza. Namna nyingine ni kukaa. Nasema kukaa kweli, kwenye jiwe, nusu saa, mikono magotini. Kichaka hakikawii kama tunavyodhani, kikikuzoea kinaendelea na mambo yake.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Makala ijayo ya mfululizo huo itakapotoka, mwandishi aongeze mistari miwili mitatu: pigeni rekodi kwa sekunde, si mpaka ndege aje, zimeni akitokea, msipige kwenye msimu wa viota. Gazeti lenu linasomwa na vijana wengi, na kijana mwenye simu na spika ndogo leo anaweza kufanya kwa asubuhi moja yale niliyoyafanya kwa mwaka mzima na kaseti.

Jumapili iliyopita nilikuwa na wageni wawili kando ya kijito kingine. Tulikaa dakika arobaini. Tiva walianza upande wetu, wengine wakawajibu kutoka ng'ambo, na kwa kitambo kengele zilirushiana juu ya maji, za huku na za kule. Kisha wa ng'ambo wakanyamaza. Wa kwetu wakatulia kidogo, halafu wakaimba pamoja, mara moja, ndani kabisa ya majani. Hatukuona hata unyoya. Mgeni mmoja alitoa daftari lake, akaandika tarehe, akaandika "tiva", na pembeni akaongeza: sauti tu, wawili.

Wenu,
Msomaji na mwongozaji wa watazama ndege